Baraka Kabla ya Mengineyo

Habari za kifo cha Mzee Galgalo zilinikuta juu ya paa la nyumba yangu, nikimwonyesha fundi mahali pa kuweka tangi la pili la maji. Nasema nyumba yangu kwa sababu kila jiwe lake nalijua. Hakuna benki iliyonisaidia, hakuna mjomba bungeni, hakuna harambee. Nilitoka Isiolo na mkoba mmoja na cheti cha diploma, nikafanya kazi Ghuba miaka ishirini na tatu, nikaanza kwa kubeba masanduku na kuishia kusimamia ghala ambalo ukisimama mlango huu humtambui mtu aliye mlango ule. Nimerudi, nimejenga ghorofa mtaa wa Wabera, na waendesha boda wanaitumia kuelekeza wageni. Katika sura hii nitaeleza jambo lisilonipa sifa, na nimetanguliza haya ili msomaji asidhani ninalieleza kwa sababu maisha yalinishinda. Hayakunishinda.

Walimzika siku ile ile, kabla ya saa kumi, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Mimi ni Mkristo wa Burat, mtoto wa wakulima, lakini nilisimama nyuma ya wanaume makaburini, kisha nikaenda kuketi kwenye turubai mbele ya nyumba yake. Mikeka ilikuwa imetandikwa, chai ya maziwa ilikuwa ikizungushwa kwa birika kubwa. Mbele yangu walikaa wazee wawili ambao hawakunitambua, kwa maana niliondoka nikiwa mwembamba na nimerudi na tumbo. Mmoja alisema, "Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mzuri, isipokuwa ile kisima."

"Wacha, bwana. Maiti haisemwi."

"Sijasema maiti. Nimesema kisima."

"Alikula, alikula. Sasa ameenda kujibu mwenyewe."

Nilishika kikombe changu hadi kikapoa. Miaka yote ile nilipokuwa mbali, nilijua kisima kilipotea. Sikujua kwamba mji ulikuwa umeshaamua nani alikiuza, na kwamba mtu yule alizeeka na kufa akiwa na jina hilo, katika mtaa ule ule wenye msikiti wake. Mzee Galgalo hakuuza kisima. Najua mlango kilimopitia, kwa sababu aliyewaonyesha waliokichukua mlango huo ni mimi.

Mwaka ninaousema ulikuwa katika miaka ile serikali ilipokuwa ikiuza mashirika yake moja baada ya jingine, na redio haimalizi habari bila kutaja soko huria. Isiolo kulikuwa na kiwanda cha ngozi cha serikali, upande wa Burat, kilichonuka chumvi na mafuta ya mnyama hata mvua ikinyesha. Kiwanda chenyewe kilikuwa hoi. Mashine tatu, mbili zimekufa. Lakini kilikuwa na ardhi kubwa ya kuanikia ngozi, na katikati ya ardhi hiyo kisima kirefu chenye pampu, kilichochimbwa zamani kwa ajili ya kuosha ngozi. Wafugaji waliokuwa wakileta ngozi walikuwa wakinywesha mifugo yao hapo wakati wa kiangazi, na hakuna meneja aliyewahi kuwazuia. Nilipata kazi pale nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, msaidizi wa katibu wa kampuni, na katika jengo lile zima nilikuwa mtu pekee mwenye diploma ya usimamizi wa biashara. Katibu mwenyewe alikaa Nairobi, akija mara moja kwa mwezi kutia sahihi. Barua niliandika mimi. Taarifa za mikutano niliandika mimi. Kumbukumbu za vikao niliandika mimi, kwa Kiingereza ambacho mpaka leo sioni kosa ndani yake.

Nilipanga chumba kwa Mzee Galgalo, Wabera, nyuma ya duka la unga. Kilikuwa chumba cha mabati chenye kuta zilizopakwa rangi ya buluu hadi kiunoni tu, kana kwamba fundi aliitwa nyumbani katikati ya kazi. Kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundika shati, na dirisha lililofunguka kwenye uwanja wa nyumba, hivyo kwamba lolote lililosemwa uwanjani lilikuwa langu. Mke wake, Mama Adan, alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mdomo usiomwogopa mtu. Siku ya kwanza aliniona nikitoka na sahani yangu ya bati kwenda kununua chakula kwenye hoteli, akauliza, "Unaenda wapi na hiyo sahani, wewe Diploma? Hii nyumba hakuna moto?" Tangu siku hiyo nilikula kwenye sinia yao. Tulikula wali na nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaushwa na kukaangwa kwa mafuta yake mpaka ikakubali kukaa miezi. Asubuhi za Ijumaa alikaanga buni kwa samli, tukazitafuna moja moja huku Mzee akitubariki, na sisi tukiitikia "nagaa", maana yake amani. Mimi niliitikia kwa lafudhi ya Kimeru, na Mama Adan alicheka kila Ijumaa kama mara ya kwanza. Jina la Diploma lilinikaa kutoka kwake. Wengine walilisema kwa dhihaka. Mimi nililipenda, na sioni haya kukiri.

Serikali ilipouza, zaidi ya nusu ya hisa zilikwenda kwa mwekezaji wa Nairobi, sehemu ndogo ilibaki kwa serikali, na theluthi moja walipewa wafugaji waliokuwa wakileta ngozi. Mwanasheria mmoja, sijui kwa huruma au kwa haraka, aliandika katika katiba ya kampuni kwamba ardhi haiwezi kuuzwa wala hisa mpya kutolewa bila robo tatu ya kura. Hebu msomaji apige hesabu hiyo taratibu. Mwenye theluthi anaweza kusema hapana, na hapana yake inatosha. Nilimweleza Mzee Galgalo hivyo, tukiwa tumeketi kwenye ngozi ya ng'ombe uwanjani kwake, na alinitaka nirudie mara tatu. Kisha akasema, "Kwa hivyo hii karatasi ni kama lango. Wao wana boma, sisi tuna lango." Hakuna profesa aliyewahi kunieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye. Cheti chake cha hisa, chenye ukingo wa kijani, alikiweka kwenye fremu ukutani sebuleni. Nilikwenda nyumba nyingi mwaka ule na niliviona vyeti hivyo katika kila moja, mara nyingine karibu na kalenda ya duka, mara nyingine ndani ya nailoni juu ya kabati.

Wafugaji walipata viti viwili kwenye bodi, na kimoja kilikuwa cha Mzee Galgalo. Hakujua kusoma. Karatasi za bodi zilikuja kwa Kiingereza ndani ya bahasha ya kaki, naye alinipa nimsomee jioni kabla jua halijazama, kila mstari, mpaka majina ya waliotuma udhuru. Mchana nilikuwa mtu wa kampuni, jioni nilikuwa macho yake. Nilijiona mtu mkubwa sana. Meneja mkuu, Bwana Mutuma, alitoka milima yetu ya juu, na aliniongelesha kwa Kimeru tukiwa peke yetu. Alikuwa na viatu ambavyo havikupata vumbi, sijui kwa njia gani, katika mji ambao vumbi huingia mpaka kwenye chumvi.

Kilichonifikisha nilikofika ni jambo nililoliona kwa dirisha langu. Majirani wawili waligombana juu ya ngamia mmoja, na wazee waliketi uwanjani kwa Mzee Galgalo kuanzia asubuhi. Walisema, wakanywa chai, wakasema tena. Mwisho Mzee akabariki, wakaitikia nagaa, wakaanza kuinuka. Hapo kijana wa upande ulioshindwa akasema, "Lakini neno moja." Sijawahi kuona ukimya kama ule. Hakuna aliyemjibu. Mjomba wake mwenyewe alimsukuma chini, na kesho yake ukoo wake ulipelekwa kuomba radhi, ukibeba kahawa na sukari. Nilimwuliza Mzee kwa nini, maana mimi nilidhani kijana alikuwa na haki.

"Mkutano una mdomo," alinieleza. "Mzee akibariki, mdomo imefungwa. Mwenye neno aweke, alete kesho. Ukifungua tena, umekanyaga baraka. Hiyo ni kutafuta laana."

"Hata kama nimeonewa?"

"Hata. Si kesho iko?"

"Na ukinyamaza, si watasema umekubali?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanapanda mlima. "Nani atasema? Kunyamaza ni kunyamaza. Kukubali iko na maneno yake."

Mkutano wa kwanza wa wenyehisa ulifanyika katika ghala la kupanga ngozi, na Bwana Mutuma alikuja na azimio la kutoa hisa mpya. Alisema kiwanda kinahitaji mtaji. Kilihitaji kweli. Lakini hisa hizo wangezinunua wao, na wafugaji wangeshuka chini ya robo, na lango lingekuwa ukuta wa watu wengine. Wazee walilielewa hilo kabla hajamaliza kusoma, kwa kuwa Mzee Galgalo alikuwa amewaeleza kwa mfano wake wa boma. Walisimama mmoja mmoja. Mtu mmoja, Boru, aliyekuwa na sauti ya kuita mifugo ng'ambo ya mto, alianza na babu yake na mwaka kisima kilipochimbwa, akafika kwenye azimio baada ya saa nzima. Mwenyekiti wa bodi, afisa mstaafu wa serikali, alitazama saa yake mpaka nikamhurumia. Walipomaliza wote, kura ikapigwa, azimio likaanguka. Ndipo Mzee akabariki.

Kesho yake Bwana Mutuma aliniita ofisini. Alikuwa amevua koti. "Hawa watu wanaongea mpaka jua linachoka," alisema. "Wewe unakaa nao. Unakula nao. Niambie, huwa wanamalizika saa ngapi?"

Nimeyarudia maneno niliyojibu mara nyingi kuliko sala yoyote. Hakunitisha. Hakuniahidi kitu. Alikuwa ameuliza kwa uchovu tu, kama mtu anavyouliza mvua itanyesha lini. Mimi nilitaka aone kwamba yuko na msaidizi anayejua mambo ambayo Nairobi haijui. Nikavuta kiti. Nikasema, "Hawamaliziki kwa saa, bwana. Wanamalizika kwa baraka. Mzee akishabariki, hata ukichoma nyumba hakuna atakayesema neno mpaka kesho." Nikamweleza kisa cha ngamia, na kijana, na kahawa na sukari. Nilikieleza vizuri, hata kwa ishara za mikono. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaandika kitu kidogo kwenye pembe ya gazeti. Nikatoka pale nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Watu hudhani usaliti huuzwa. Ningekuwa nimeuza, leo ningekuwa na la kusema, kwamba nilikuwa maskini, kwamba nilijaribiwa. Mimi nilitoa bure, kwa kupenda kuonekana najua.

Miezi minne baadaye mkutano mwingine uliitishwa. Sheria ilitaka azimio la namna ile litangazwe siku ishirini na moja kabla. Lilitangazwa. Niliandika tangazo mwenyewe, kwa Kiingereza, kurasa tatu, azimio lile lile la hisa mpya likiwa ukurasa wa tatu, na nikaambiwa nilibandike ubaoni. Ubao ulikuwa ndani ya chumba cha mhasibu, nyuma ya mlango ambao ukifunguliwa unaufunika. Bahasha ya bodi iliyokwenda kwa Mzee mara hii ilikuwa na kurasa mbili. Nilimsomea zote mbili jioni ile, polepole, mpaka majina ya waliotuma udhuru. Akauliza, "Imeisha?" Nikasema imeisha. Kwamba ukurasa wa tatu upo nilijua. Kwamba utatumiwa vipi sikutaka kujua, na kutotaka kujua ni kazi, huchosha kama kazi nyingine.

Siku ya mkutano walipika pilau. Harufu ilianza kuingia ghalani tangu saa nne. Ajenda zilikuwa nyepesi: taarifa, wakaguzi, shukrani, na mwishoni mengineyo. Wazee walisema kidogo, wakaridhika. Mwenyekiti akasimama, akasema kwa adabu kubwa, "Tumuombe mzee wetu Galgalo atubariki, tupate kula." Mzee akasimama na fimbo yake. Alibariki vizuri siku ile. Alibariki kiwanda, akabariki mvua, akabariki mwekezaji na watoto wa mwekezaji, na kila baada ya neno ghala lote likaitikia nagaa. Alipoketi, watu walianza kutafuta viatu vyao. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama. "Samahani, kabla ya chakula, chini ya mengineyo kuna jambo dogo." Akasoma azimio kwa Kiingereza, kisha sentensi moja ya Kiswahili. "Wanaokubali?" Watu wa mwekezaji na mtu wa serikali wakainua mikono. "Wanaopinga?"

Nilikuwa mezani na kalamu. Niliwaona. Boru aliinuka nusu, na mtu wa kando yake akamvuta kwa kitambaa cha kiunoni akaketi. Midomo ilifunguka ikafungwa. Watu sitini walijua wanachofanyiwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuikanyaga baraka ambayo haijapoa. Mzee Galgalo hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi. Nikainamisha uso nikaandika: azimio limepita, hakuna aliyepinga. Asiyepiga kura hahesabiwi, ndivyo sheria isemavyo, na robo tatu ya mikono iliyoinuka ilikuwa mikono yote iliyoinuka. Pilau ikaletwa. Hakuna mfugaji aliyekula. Wapishi walishangaa, wakabeba masufuria yamejaa kurudi nayo jikoni.

Asubuhi yake walikuja. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine. Walikuja wote, kabla ofisi haijafunguliwa, wakiwa wamevaa nguo safi, wakakaa chini nje ya mlango wangu wakisubiri. Walikuwa wameleta maneno yao. Kwao mambo yalikuwa bado wazi kabisa, kwa kuwa kesho iko, na kesho ilikuwa imefika. Bwana Mutuma aliniambia niwasomee kumbukumbu. Nikasimama kizingitini nikasoma, nikatafsiri. Boru akasema, "Haya. Sasa sisi tunakataa. Andika."

"Haiwezekani," nikasema. "Mkutano umekwisha."

"Umekwisha vipi na sisi hatujasema?"

"Mliulizwa jana."

"Jana tulikuwa tumebarikiwa!" Aliwageukia wenzake kana kwamba mimi ni mgonjwa. "Huyu mtoto anakaa kwa Galgalo na hajui?"

Mzee Galgalo alikuwa amekaa mwisho wa mstari. Alinitazama tena vile vile, kisha akaiweka fimbo magotini.

Kabla mwaka haujaisha hisa mpya zilitolewa, ardhi ikapigiwa kura, ardhi ikauzwa kwa kampuni nyingine ambayo wakurugenzi wake, msomaji hatashangaa, walifanana sana na wa kwanza. Mashine ile moja nzima ilipakiwa kwenye lori. Uzio ulizungushwa, kisima na nyasi zote zikabaki ndani. Ulikuwa mwaka wa kiangazi, na niliona kwa macho yangu ng'ombe wamesimama wakiweka pua kwenye waya, wanasikia harufu ya maji, na mlinzi mgeni akipiga bati kuwafukuza. Vyeti vya kijani vilibaki ukutani. Ni halali mpaka leo. Ni hisa katika kampuni isiyo na kitu.

Watu wanapopoteza hutafuta mkono wa kulaumu. Walijiuliza nani alibariki mapema, mkutano haujakwisha. Nani alikaa bodi. Nani aliletewa bahasha. Jibu lilikuwa jina moja. Niliyasikia kwa dirisha langu, maneno ya wanaume uwanjani, na sauti ya Mzee ikisema tu, "Nilibariki, ndiyo. Niliombwa nikabariki." Walimwondoa kuwa msemaji wao. Duka la unga lilianza kumhudumia mwisho. Nyumbani, Mama Adan alianza kunipakulia kwenye sahani yangu, ile ya bati niliyokuja nayo, na kuniletea mlangoni. Chakula kilikuwa kile kile, na kingi. Mimi sikuuliza sababu. Baada ya wiki tatu nilipata safari ya Ghuba. Huwa nasema kila mahali kwamba nilijitengeneza mwenyewe, na ni kweli, isipokuwa barua moja ya kunisifu, ukurasa mmoja, yenye sahihi ya Bwana Mutuma.

Siku ya tatu ya matanga niliingia ndani kumpa pole Mama Adan. Amezeeka, macho yana ukungu, lakini mdomo ni ule ule. "Diploma," alisema, "umenenepa kama ng'ombe wa maonyesho." Wanawake wakacheka, wakatuachia nafasi. Nikamwambia nimesikia wazee nje. Nikamwambia najua kwamba Mzee hakula kitu.

"Mimi ndiyo nilipika humu ndani," alisema. "Kama alikula, mimi ndiyo ningejua ladha yake."

"Mama, ile habari ya baraka..."

"Alijua. Siku ile ile alijua. Alirudi akakaa hapo, akasema, hii maneno nilimpa mtu mmoja tu."

"Mbona hakuwaambia?"

"Boru alikuwa anazunguka na mkuki mlangoni kwa kiwanda chenu akitafuta mwenye kosa, hukuwa unajua? Nilimwambia, sema, taja huyo mtoto. Akakataa. Akasema mtu amekula kwangu, nitamtoaje nje wamuue? Akishaenda nitasema." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ukaenda. Akasema, sasa nikisema, watasema natupia mtu asiyekuwepo. Ikawa hivyo. Kunywa chai."

Wengine wangekunywa chai wakaenda zao. Mimi si mtu wa kukimbia kazi, wanaonijua wanajua. Nilijua mahali wazee wanapoketi asubuhi, kwenye hoteli ya chai iliyo karibu na soko la mifugo, na nilijua kwamba Boru bado yu hai na bado ana sauti. Nikampigia simu Adan, yule aliyekuwa mgongoni, sasa ni dereva wa lori, nikamwomba anisindikize bila kumwambia sababu. Nilitaka asikie jina la baba yake likisafishwa. Nikiwa mkweli, nilitaka pia anione nikilisafisha.

Tulisalimiana. Wakanitania juu ya gari. Nikaomba kusema, nikasimama, na nikasema yote: swali la Bwana Mutuma, kisa cha ngamia, ukurasa wa tatu, ubao nyuma ya mlango. Nilisema kwa mpangilio mzuri, kama nilivyofundishwa kutoa ripoti. Nikamalizia, "Mzee Galgalo alitumiwa bila kujua. Aliyefanya ni mimi."

Kisha mmoja akaanza kucheka taratibu, na mwingine.

"Wewe?" Boru aliuliza. "Wewe si ndiye kijana aliyekuwa anabeba mafaili?"

"Nilikuwa msaidizi wa katibu wa kampuni. Nilikuwa na diploma..."

Hapo walicheka mpaka mwenye hoteli akatoka kutazama. Boru alinipigapiga goti. "Diploma, Diploma. Watu wakubwa wa Nairobi walikosa akili mpaka wakakuuliza wewe? Umejenga ghorofa, tumeona. Umeleta gari, tumeona. Sasa hata hii unataka iwe yako? Tuachie kitu kimoja."

"Nawaambia ukweli, mzee."

"Ulilala kwake, ulikula kwake, sasa amekufa unataka kumlipia. Ni vizuri. Ni heshima. Lakini niambie, aliyebariki siku ile ni nani?"

"Ni yeye, lakini..."

"Basi."

Akageukia chai yake, na mazungumzo yakahamia bei ya mbuzi. Nilibaki nimesimama, mikono ikining'inia, nikitafuta neno ambalo lingewafanya waniamini, na kila nililolipata lilikuwa na mimi ndani yake. Adan aliinuka akanishika kiwiko, kwa upole kama anavyoshikwa mzee asiyeona, akanitoa mpaka kwenye gari. Alinifungulia mlango. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mimi nimekuamini," alisema.

Nikaanza kumshukuru. Aliinua kiganja.

"Nimekuamini kabisa. Ndiyo maana nakuomba, usikanyage tena kwa mama yangu."